Stara, Zamani na Faraja: Maelezo kuhusu Utamu wa Riwaya ya Mapenzi ya Kihistoria

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, riwaya imezoeleka kugawanywa katika makundi mawili makuu: riwaya dhati na riwaya pendwa. Kundi la kwanza limepewa heshima ya kuingia darasani, kuandikiwa tasnifu na kutungiwa maswali ya mitihani. Kundi la pili limeachwa lizunguke mikononi mwa watu, likiazimwa na kuazimwa tena hadi majalada yang'oke. Mgawo huo una manufaa yake, kwani humsaidia mhakiki kupanga kazi. Hata hivyo, umeacha swali moja muhimu pembeni: msomaji anayekaa na kitabu chepesi jioni, baada ya kazi za kutwa, hupata nini humo hata akawa radhi kupunguza usingizi wake?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kuangalia tawi moja tu la usomaji wa burudani, yaani riwaya ya mapenzi iliyowekwa katika zama zilizopita na kusimuliwa kwa adabu. Mfano mkuu ni riwaya ya Aniceti Kitereza, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Msomaji anayezingatiwa ni yule wa Kasungami, mtaa wa komini ya Annexe mjini Lubumbashi. Huyu ni mtu anayezungumza Kiswahili tangu utotoni lakini ambaye aghalabu hufundishwa na shule kutafuta riwaya katika Kifaransa. Uteuzi huu una sababu. Lugha ambayo watu huitumia kununulia unga na kuitania jirani, lakini hawaitumii kuota ndoto za zamani, imepungukiwa na kitu, na upungufu huo hauwezi kuzibwa na sarufi peke yake.

2. Riwaya ya mapenzi ya kihistoria ni ipi?

Si kila hadithi ya mapenzi iliyoandikwa zamani ni ya kihistoria. Utubora na wenzake wa Shaaban Robert, kwa mfano, waliishi katika zama za mwandishi wao. Riwaya huwa ya kihistoria pale mwandishi anaporudi nyuma kwa makusudi, akachagua zama ambazo wasomaji wake hawakuziishi, kisha akazijenga upya kwa mavazi, vyakula, salamu na sheria zake. Katika Ulaya njia hiyo ilipanuliwa na Walter Scott alipotoa *Waverley* mwaka 1814, riwaya iliyowaweka watu wa kubuni ndani ya uasi wa kweli wa Uskochi wa mwaka 1745. Zaidi ya karne moja baadaye, Mwingereza Georgette Heyer aliichukua njia hiyo na kuielekeza kwenye ndoa na uchumba. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1921, na vitabu vyake kuhusu jamii ya Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19 vikawa kipimo cha aina nzima ya uandishi.

Katika ulimwengu wa Kifaransa, ambao ndio ulio karibu zaidi na shule za Kongo, jina lililotamba ni Delly. Chini ya jina hilo moja walijificha ndugu wawili, dada na kaka, ambao hadithi zao za mapenzi yenye maadili zilisomwa sana katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 1998 Nouvelles Éditions Ivoiriennes ya Abidjan ilianzisha mfululizo wa Adoras, ambao wapendanao wake ni Waafrika wanaoishi katika miji ya Afrika. Hatua hiyo ilithibitisha kwamba kiu ya hadithi za mapenzi haikuwa ya Wazungu peke yao. Hata hivyo, Adoras ilichagua zama za leo, na lugha yake ni Kifaransa.

Kutokana na mifano hiyo, sifa tatu zinaweza kutajwa. Ya kwanza ni umbali wa wakati. Ya pili ni mapenzi kuwa uti wa mgongo wa kisa, wala si pambo lake. Ya tatu ni stara: msomaji huachwa mlangoni mwa chumba cha wapendanao, na mlango hufungwa kwa upole. Neno «nyepesi» katika makala haya halina maana ya «tupu». Mzigo mwepesi nao ni mzigo, ila aliyeufunga amejua kuusawazisha begani.

3. Chemchemi za utamu

Utamu wa riwaya za namna hii hutoka katika chemchemi kadhaa, na inafaa zitenganishwe.

Chemchemi ya kwanza ni uhakika wa mwisho. Msomaji hujua mapema kwamba wapendanao watakutana tena. Baadhi ya wahakiki huuona uhakika huo kuwa udhaifu, eti kwa sababu unaua taharuki. Ukweli ni kwamba taharuki haifi, bali huhama. Swali haliwi tena «je, watapatana?» bali huwa «watapatanaje, na kwa gharama ya nani?» Msikilizaji wa ngano hufanya vivyo hivyo. Mtoto aliyekwisha kuisikia hadithi ya sungura mara kumi huiomba mara ya kumi na moja, na humkemea bibi yake akiruka kipengele. Uhakika wa mwisho humpa msomaji nafasi ya kutazama njia.

Chemchemi ya pili ni wingi wa vitu. Zamani husisimua kwa mambo madogo: jinsi moto ulivyoombwa kwa jirani, jinsi mgeni alivyokaribishwa, nani alikaa wapi wakati wa kula. Kitabu cha historia hutaja vita na mikataba, lakini mara nyingi hakisemi watu walikula nini asubuhi ya siku hiyo. Riwaya husema. Mapenzi nayo humpa msomaji sababu ya kuyajali hayo yote, kwani chungu cha pombe hakimhusu mtu mpaka ajue kwamba bila chungu hicho mume hatarudishiwa mkewe.

Chemchemi ya tatu ni stara yenyewe. Pale ambapo maneno ya wazi hayaruhusiwi, kila jambo jingine huanza kusema: mkono unaopokea kata ya maji, jicho linaloinamishwa, jina linaloepukwa kutajwa mbele ya wakwe. Utamaduni wa Waswahili na wa Wabantu kwa jumla unaifahamu vizuri lugha hiyo. Kwa hiyo adabu ya riwaya ya aina hii huongeza hisia, kwa kuwa humlazimisha msomaji kukisia, na anayekisia amekwisha kushiriki.

Chemchemi ya nne ni ushirika. Kitabu kisicho na aibu ndani yake chaweza kusomwa kwa sauti mbele ya mama, shangazi na watoto. Katika nyumba yenye kitabu kimoja na wasikilizaji wengi, sifa hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa na mtu mwenye maktaba.

4. Myombekere na Bugonoka

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 na kukulia Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Nyanza. Alisomeshwa na Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe, hadi seminari ya Rubya. Aliiandika riwaya yake kwa Kikerewe na kuikamilisha mwaka 1945. Lugha hiyo ilikuwa na wasomaji wachache mno kumvutia mchapishaji, na mswada ukakaa. Katika miaka ya 1960 mwandishi, ambaye wakati huo alikuwa mzee, aliutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kilitoka kikiwa na tarehe ya mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika kwa mswada wa kwanza, na mwandishi akafariki mwaka 1981. Baadaye kilitafsiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa na, mwaka 2002, kwa Kiingereza kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, ambaye mwenyewe ni mwandishi mzaliwa wa Ukerewe.

Kisa kinawekwa Ukerewe kabla ya utawala wa Wazungu. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini mimba za Bugonoka zimeharibika na nyumba haina mtoto. Ndugu za mume wanaanza kusema maneno. Wazazi wa Bugonoka wanaposikia binti yao anavyosimangwa, wanamchukua na kumrudisha kwao. Myombekere angeweza kuoa mwingine, na jamii yake ingemwelewa. Yeye anachagua njia ndefu: anakwenda kwa wakwe, ananyenyekea, anatozwa pombe ya ndizi kama malipo ya kosa la ukoo wake, na anaitafuta hadi inapatikana. Mke anarudi. Kisha wawili hao wanamwendea mganga, na baada ya matibabu na subira anazaliwa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye wa kike, Bulihwali. Majina hayo yenyewe yanabeba kumbukumbu ya misiba iliyotangulia.

Mtu aweza kuuliza: je, kitabu kikubwa kama hiki, kinachoeleza kilimo, uvuvi, dawa, ngoma na taratibu za ndoa kwa urefu namna hii, chaweza kuitwa chepesi? Kwa kurasa zake, hapana. Kwa namna ya kusomeka kwake, ndiyo. Sura zake huenda kwa mwendo wa mazungumzo ya baraza, watu wake husalimiana kwa ukamilifu, na msomaji aweza kukifunga leo na kukifungua kesho pasipo kupotea. Zaidi ya hayo, mapenzi yanayosimuliwa ni ya mume na mke. Riwaya nyingi za mapenzi huanzia kwenye uchumba na kukomea harusini, kana kwamba baada ya hapo hakuna la kusimulia. Kitereza anaanza pale wengine wanapoishia. Swali lake ni kama upendo waweza kudumu mbele ya maneno ya ndugu na nyumba isiyo na kilio cha mtoto.

Hapo ndipo uzito wa jambo unapoonekana. Kitereza na mkewe walifiwa na watoto wao wenyewe. Ingawa riwaya haisemi habari za maisha yake, ni vigumu kudhani kwamba faraja iliyomo humo ilitungwa na mtu asiyeihitaji. Riwaya ya mwisho mwema mara nyingi hushutumiwa kwamba ni ya wasiojua taabu. Mfano huu unaonyesha kinyume.

5. Msomaji wa Kasungami na lugha ya kitabu

Kiswahili cha Lubumbashi kilikua pamoja na mji huo, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Wafanyakazi wa migodi na reli walitoka katika makabila mengi, nao wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya kazi, kisha ya nyumba. Watoto wao hawakukirithi kutoka pwani. Walikirithi kutoka kambini na mitaani. Kwa sababu hiyo kina sura yake: watoto huitwa *batoto*, mtoto mdogo ni *katoto*, na wahenga ni *bankambo*. Mzungumzaji wake anapofungua riwaya ya Kiswahili sanifu mara nyingi huhisi kwamba amealikwa katika nyumba ya watu wengine, ambamo yampasa kuvua viatu na kuchunga maneno.

Kitabu cha Kitereza hupunguza hisia hiyo. Kiswahili chake ni cha mtu wa bara aliyekuwa na lugha nyingine ya Kibantu moyoni, na mambo anayoyataja, kama vile mahari, wajumbe wa ndoa, pombe ya kusuluhisha ugomvi na mizimu ya ukoo, hayahitaji maelezo kwa familia zenye asili ya Kiluba, Kibemba au Kisanga. Hata jina la kitabu ni mfano mzuri. Msomaji wa Dar es Salaam wa leo anapoona neno *bibi* aweza kufikiri kwanza juu ya mama wa mzazi wake. Katika Lubumbashi *bibi* ni mke, na mama wa mzazi ni *nkambo*. Msomaji wa Kasungami hulisoma jalada na kuelewa papo hapo kwamba kitabu hiki kinahusu mtu na mkewe. Katika jambo hilo dogo, yeye ndiye mwenyeji.

Funzo la jumla ni kwamba riwaya nyepesi ya zamani yaweza kuwa daraja la usanifu. Mtu hufuata kisa, na huku akifuata, huzoea viambishi, misamiati na miundo ambayo somo la sarufi lingemchosha nayo. Anayetaka kujua kama Bugonoka atarudi nyumbani hatakata tamaa kwa sababu ya neno moja gumu.

6. Pingamizi

Pingamizi kubwa dhidi ya riwaya za aina hii ni kwamba hupamba zamani. Wanawali wa Heyer hucheza dansi katika kumbi za watu ambao baadhi yao walitajirika kwa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na msomaji haoni mtumwa hata mmoja. Hoja hiyo ni ya haki. Katika Kiswahili, Adam Shafi aliijibu kwa njia yake. *Kasri ya Mwinyi Fuad*, ya mwaka 1978, inaichukua Zanzibar ya mabwana na kuwaonyesha waliobeba mzigo wa kasri. *Vuta n'kuvute*, ya mwaka 1999, inasimulia mapenzi ya Yasmin na Denge katika Zanzibar ya siku za kupigania uhuru, na mapenzi hayo hayatengwi na siasa hata kidogo. Kwamba mwaka 2021 riwaya hiyo iligeuzwa filamu na Amil Shivji ni dalili kwamba mapenzi ya zama zilizopita bado yana watu.

Kitereza naye hapambi kila kitu. Lawama ya ugumba inamwangukia mwanamke kwanza, na msomaji anaiona. Anaona pia kwamba heshima ya Bugonoka inalindwa na wazazi wake, wanaokataa binti yao asimangwe. Msomaji wa kike wa leo hahitaji kukubaliana na mila zote hizo ili afurahie kitabu. Aweza kusoma kwa jicho moja la mapenzi na jingine la hesabu. Kusoma kwa burudani si kusoma kwa usingizi.

Pingamizi la pili ni kwamba usomaji huu humpotezea mtu wakati ambao angeutumia kwa vitabu vya maana. Jibu lake ni la kivitendo: mazoea ya kusoma hujengwa na kitabu kinachomalizwa. Asiyewahi kumaliza riwaya kwa raha ni vigumu kumaliza nyingine kwa wajibu.

7. Hazina iliyo jirani

Yaweza kudhaniwa kwamba watu wa Lubumbashi hawana hamu ya zamani iliyoandikwa. Ushahidi unakanusha. Mwaka 1965 ilitolewa historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili cha mji huo na André Yav, kwa niaba ya watumishi wa majumbani, na Johannes Fabian akaichapisha upya pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990. Katika miaka ya 1970 kuta za vyumba vya wageni zilipambwa kwa picha za mamba muntu na za *Colonie belge*, na wenye nyumba waliziita picha za namna hiyo *ukumbusho*. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliisimulia historia nzima ya nchi kwa picha zaidi ya mia moja. Zamani, kwa hiyo, ilikuwa na wateja. Kilichokosekana ni njia ya kuiingiza katika riwaya.

Kisa nacho hakikosi. Masimulizi ya Walunda yanamtaja Ruwej, binti aliyepewa na baba yake kikuku cha utawala baada ya kaka zake kumvunjia mzee heshima. Akaja mwindaji mgeni kutoka Uluba, Chibind Yirung. Ruwej akampenda, akaolewa naye na kumkabidhi kikuku, na kaka zake wakaondoka kwa hasira kwenda kutafuta nchi nyingine. Masimulizi kadhaa huongeza kwamba Ruwej hakupata mtoto, na kwamba mrithi alizaliwa na mke mwingine. Huyo ni Bugonoka mwenye kiti cha enzi: mapenzi yaleyale, tasa ileile, ila hapa gharama yake ni mgawanyiko wa ufalme. Mwandishi wa Angola, Pepetela, alilitambua hilo karibu na mwaka 1990 alipotoa riwaya yake *Lueji* kwa Kireno. Musumba, makao ya Mwant Yav, yako Kongo, katika jimbo la Lualaba, jirani na Haut-Katanga. Mjukuu wa Mlunda anayeishi Kasungami anaweza kukisoma kisa cha bibi wa ukoo wake katika lugha iliyotoka ng'ambo ya bahari, ilhali lugha anayoota nayo ni Kiswahili.

8. Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba utamu wa riwaya nyepesi ya mapenzi ya kihistoria hutokana na uhakika wa mwisho, wingi wa vitu vya zamani, stara, na ushirika wa wasikilizaji. Yameonyesha pia kwamba kazi ya Kitereza inazo sifa hizo, na inamfaa msomaji wa Katanga kwa lugha na kwa mila.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai. Cheo hicho ni kizuri, lakini cheo hakiwafanyi watu wasome. Yafaa walimu wa Kiswahili waanze kwa kuwasomea wanafunzi sura moja kwa sauti, bila mtihani, na kuiachia pale ambapo Myombekere amesimama mbele ya ua wa wakwe zake. Yafaa pia wanafunzi wahimizwe kuyaandika masimulizi ya ndoa na uchumba wa bankambo, kwa Kiswahili chochote walicho nacho, kabla ya kusahihishwa viambishi. Usanifu waweza kungoja kidogo. Wazee wanaoyajua masimulizi hayo hawatangoja.